Daktari, Mgonjwa na Waya wa Pini Tisa

Mhariri wetu aliniomba niandike kidogo juu ya maisha ya mwanafunzi huku ughaibuni, nikamwambia habari za kutafuta unga wa sembe na kodi za vyumba zimeshaandikwa humu mpaka zimechuja. Bora niandike juu ya kompyuta mbili zilizokataa kuzungumza. Wale mnaosoma sheria na uuguzi msifunge ukurasa jamani, nitajitahidi kusema kwa lugha ya binadamu.

Kwanza nieleze kwa nini mtu ahitaji kompyuta mbili ili atibu moja. Programu ya kawaida ikikusumbua, unaifungulia programu nyingine inayoitwa debaga. Unaisimamisha katikati ya kazi, unachungulia tumboni mwake, unaiachia iendelee. Lakini chini ya programu zote kuna keneli, kiini cha mfumo mzima. Hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayosoma diski, inayoamua nani afanye kazi sasa na nani asubiri. Ukiisimamisha keneli, kila kitu kimesimama, na hiyo debaga yako uliyokuwa unachungulia nayo pia imesimama. Ni kama fundi anayetaka kufungua injini ya daladala huku yeye mwenyewe ndiye dereva na gari liko barabarani. Kwa hiyo debaga inakaa kwenye kompyuta ya pili, na waya unapita katikati. Vitabu vina majina yake kwa hizo mashine mbili. Sisi tuliita moja daktari na nyingine mgonjwa, na kuanzia hapa nitaziita hivyo hivyo.

(Nikumbushe tu kwamba Kiswahili hakikulala kabisa katika mambo haya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na wengine tulijifunza kwamba faili linaweza "kuhifadhiwa" bila Kiingereza. Ila maneno mengi yaliishia sebuleni. Huku jikoni, kwenye keneli, bado kila mtu anajisemea lake.)

Mwenye tatizo hakuwa mimi. Alikuwa mwenzetu wa Mombasa, ambaye jina lake naliacha kwa kuwa ni mtu wa haya na angenikasirikia. Kabla ya kuja hapa Leeds alifanya kazi na winchi za kupakulia makontena, na shahada yake ya pili ilihusu kupima mkazo wa kamba za chuma za winchi hizo kabla hazijakatika. Katika maabara alipewa kompyuta ya mezani yenye kadi ya kupimia, na kadi hiyo inahitaji draiva, yaani kile kipande cha programu kinachokaa ndani ya keneli na kukifahamisha mfumo jinsi ya kusema na kifaa. Draiva hakuiandika yote yeye. Alirithi mifupa yake kutoka kwa mwanafunzi aliyemtangulia, akaongeza nyama.

Basi hiyo draiva ilikuwa inafanya kazi vizuri dakika ishirini, au arobaini, au saa nzima, halafu ghafla: skrini ya buluu, mashine imelala, na vipimo vya jaribio zima vimepotea. Kila mara namba ya kosa ilikuwa ile ile, 0xD1. Ilikuwa Agosti 2023. Tasnifu ilitakiwa mwanzoni mwa Septemba na mfadhili alishaandika kwamba hakuna muda wa nyongeza. Msimamizi wake alimwambia kwa upole (na huo upole wao ndio unaotisha) kwamba kama mashine haitatulia, aiondoe sura ya vipimo. Ukiondoa sura ya vipimo katika kazi ile, unabaki na utangulizi na shukrani.

Akanipigia simu usiku.

"Ndugu yangu, si wewe ndiye fundi wa jumuiya?"

"Mimi fundi wa kutoa virusi na kurudisha picha za harusi, bwana."

"Basi na hii ni kirusi. Njoo uone."

Nikaenda kesho yake na kompyuta yangu ya mapajani. Hiyo ndiyo ingekuwa daktari.

Kitu cha kwanza nilichomuuliza ni kama diski ya mgonjwa imefungwa kwa BitLocker. Hakujua. Nikaangalia, kumbe imefungwa. Sasa ili uwashe debaga ya keneli kwenye Windows ya kisasa inabidi uzime ulinzi unaoitwa Secure Boot, na ukigusa mambo ya namna hiyo BitLocker inaweza kudhani umeiba mashine. Inakuomba ufunguo wa akiba wa tarakimu 48, na bila huo ufunguo kilichomo kwenye diski umekiaga. Humo ndani kulikuwa na miezi minane ya vipimo vyake, na sehemu kubwa haikuwa na nakala. Nikamwambia hatugusi kitu mpaka ofisi ya kompyuta itupe huo ufunguo, na mpaka tunakili kila kitu pembeni. Ofisi ilichukua siku mbili.

"Siku mbili, yakhe! Mimi nina wiki tatu tu."

Alininunia. Sikumlaumu. Lakini karatasi ya tarakimu 48 ilipokuja tukaibandika ukutani, na ikawa kweli: hata baada ya kusimamisha ulinzi kwa amri yake, kuna asubuhi moja mgonjwa aliamka akatuomba tarakimu zote. Mwenzangu alizisoma kwa sauti moja moja kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu, nami nikabonyeza. Baada ya hapo hakuninunia tena.

Tulianza na njia ya mtandao, kwa sababu tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ndiyo njia iliyo nyepesi zaidi. Unamwambia mgonjwa anwani ya daktari, namba ya mlango, 50000 kwa mfano, anakupa ufunguo mrefu wa herufi na namba uliogawanywa kwa nukta, unaupeleka kwa daktari, mambo yameisha. Haikutuchukua muda. Kuna programu ndogo, kdnet, inayokagua kadi ya mtandao ya mgonjwa, na jibu lake lilikuwa kwamba kadi iliyomo haifai kwa kazi hiyo. Hiyo inatokea, kwa kuwa debaga haiwezi kuitegemea draiva ya kawaida ya kadi. Lazima iijue kadi yenyewe kwa kichwa, na haizijui zote. Kuongeza kadi nyingine haikuwezekana, kwani nafasi za ndani zilikuwa mbili: moja ina kadi ya kupimia, ya pili ina kadi yenye tundu la siriali ambalo kundi lingine la maabara hulitumia kwa mzani wao.

Tundu la siriali. Hapo nikafurahi, maana hiyo ndiyo njia ya wazee.

Wadogo zangu ambao hamjaiona: ni lile tundu la pini tisa, lenye umbo kama la herufi D, lililokuwa nyuma ya kila kompyuta katika mikahawa ya intaneti ya zamani. Kanuni yake, RS-232, ilitoka mwaka 1960, na umbo la pini tisa lilienea na kompyuta ya IBM PC/AT ya mwaka 1984. Haina akili yoyote. Pini moja inatuma, moja inapokea, moja ni ya ardhi, basi. Wakati wa Windows XP tuliongeza maneno matatu tu kwenye faili la boot.ini na debaga ikawa tayari. Siku hizi amri ni bcdedit, lakini habari ni ile ile: mlango namba fulani, kasi 115,200.

Kompyuta yangu haina tundu hilo, ina USB tu, kwa hiyo tulitumia adapta ya USB kwenda siriali. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi huchanganya. Adapta hiyo inafaa upande wa daktari peke yake. Daktari ni mzima, Windows yake inafanya kazi, draiva zake ziko macho. Mgonjwa anapozimia, hakuna USB wala draiva itakayomsaidia kusema. Debaga ndani yake inaandika moja kwa moja kwenye chuma, kwenye anwani ya tundu, bila kumpitia mtu. Kwa hiyo upande wa mgonjwa lazima tundu liwe la kweli.

Waya tulizipata kwenye sanduku chini ya ghorofa: nyaya saba za kijivu, zote zinafanana, hakuna hata moja yenye maandishi. Hili ni tatizo, kwa sababu waya hizo ziko za aina mbili. Ya kwanza imenyooka, pini ya 2 inakwenda kwa 2 na ya 3 kwa 3. Kwa kazi yetu hiyo ni bure, maana mdomo wa huyu unafungwa kwenye mdomo wa yule na sikio kwenye sikio. Tunataka iliyopishana, ya 2 iende kwa 3 na ya 3 kwa 2. Kwa macho huwezi kuzijua.

Ndipo tukafanya jaribio ambalo nawashauri mlijue, hata kama hamtagusa keneli maishani. Chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwenye tundu. Fungua programu ya kuandikia kwenye mlango huo, andika herufi yoyote. Ikikurudia kwenye skrini, ujue adapta yako inasema na inasikia. Sauti imetoka mdomoni, imepita kwenye kibanio, imeingia sikioni. Tulifanya hivyo kwa adapta yangu, ikajibu. Tukafanya kwenye tundu la mgonjwa, ambalo Windows iliita COM3, nalo likajibu. Kwenye orodha kulikuwa pia na COM1, lakini nyuma ya mashine tundu lilikuwa moja tu. Tukamuuliza fundi wa zamu, akasema hayo ni mabaki tu, tusiyajali.

Kisha tukafunga waya kati ya mashine mbili, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, nikaandika "hodi" kwenye yangu, na kwenye skrini ya mgonjwa ikatokea "hodi". Mwenzangu akaandika "karibu". Tulicheka kama watoto. Tukaifunga utepe mwekundu ile waya isije ikapotea tena.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: adapta nzima, tundu zima, waya mzima, kasi sawa pande zote. Tukawasha debaga kwa mgonjwa, tukazima na kuwasha upya. Nikafungua WinDbg kwa daktari. Ikaandika kwamba inasubiri kuunganishwa.

Ikasubiri.

Ikasubiri mpaka walinzi wakaja kufunga jengo.

Jioni ya pili tukajaribu namba zote za mlango, kuanzia 1 hadi 4, kila moja na kuzima na kuwasha. Tukapunguza kasi. Tukabadili adapta. Nikabonyeza ile njia ya kuisimamisha keneli kutoka kwenye menyu (kompyuta za siku hizi kitufe cha Break wamekifuta, Mungu awasamehe), hakuna jibu. Mwenzangu alikuwa ameshafungua tasnifu kwenye simu, anaanza kuhesabu maneno yatakayobaki akiiondoa sura ile. Sikupenda kumwona vile. Nikamwambia kuna mtu mmoja mkubwa ambaye angemwambia aache debaga kabisa: Linus Torvalds, baba wa Linux, Septemba 2000 aliandika wazi kwamba hapendi debaga, mtu asome kodi yake na afikiri. Mpaka debaga ya kgdb ikakubaliwa rasmi ndani ya Linux ilikuwa mwaka 2008, toleo la 2.6.26.

"Sasa wanieleza haya ili iweje?"

"Nakupumzisha."

"Nipumzishe kwa chai."

Nikaenda kuchukua chai, na kusema kweli ni pale kwenye foleni ya chai nilipoanza kuliona. Debaga ikishika mlango, Windows hainyang'anyani nayo. Mlango ule unaondolewa kwa programu nyingine, ukijaribu kuufungua unakataliwa. Sasa sisi, tukiwa tumeshawasha debaga, bado tulikuwa tunaweza kuandika "hodi" kupitia COM3 kila tulipotaka. Tulichukulia hiyo kama habari njema, waya bado mzima. Lakini maana yake ilikuwa kwamba debaga haikuwa imeshika mlango huo hata siku moja.

Tukaweka namba 1 tena, tukawasha upya, tukaangalia orodha ya vifaa. COM3 ipo palepale. Ile COM1, mabaki ya fundi, haifunguki tena.

Basi mabaki yanaweza kushikwa! Kitu kisichokuwepo hakishikwi. Debaga ilikuwa inasema muda wote, jioni mbili nzima, kupitia mlango ambao sisi hatuuoni.

Niwaeleze kilichokuwa kinatokea. Sisi watu tunazijua nyumba kwa majina, "kwa mama fulani, mlango wa bluu". Windows nayo inayapa matundu majina inavyotaka, na tundu la kadi ya kuongezwa ililiita COM3. Lakini debaga haijui majina. Inajua S.L.P. tu. Ukiiambia mlango namba 1, inapeleka barua kwenye anwani 3F8, ambayo tangu enzi za IBM ndiyo ya tundu la kwanza la siriali. Ukiiambia namba 3, inapeleka 3E8, na haijali kwamba Windows imemwita mtu mwingine COM3. Ile kadi ya kuongezwa haikai kwenye sanduku lolote kati ya hayo, yenyewe hupangiwa anwani nyingine kila mashine inapowaka. Kwa hiyo barua zetu zote zilikuwa zinafika 3F8, salama kabisa, kwa mtu ambaye hana mlango wa nje.

Tukaomba ruhusa ya kufungua sanduku. Fundi mwingine, mama mmoja wa makamo mwenye huruma, alikuja na bisibisi yake mwenyewe. Kwenye kona ya mazabodi, chini ya vumbi, kulikuwa na safu mbili za pini, jumla tisa, na pembeni yake maandishi madogo: COM1. Tundu la kweli lilikuwepo siku zote. Waliotengeneza mashine hawakuona haja ya kulivutia waya mpaka nje, na sijui nani angewalaumu, nani anatumia siriali siku hizi?

Kinachohitajika ni kipande cha utepe wa waya chenye tundu la pini tisa upande mmoja. Kwenye droo ya yule mama kulikuwa na kimoja. Tukakifunga, tukapima kwa mita ya umeme kati ya pini ya 3 na ya 5. Mstari wa siriali ukiwa umepumzika lazima uonyeshe volti hasi, tano au zaidi. Wetu ulionyesha sifuri. Kumbe hata tepe hizo ziko za mipangilio miwili, na watengenezaji wa mazabodi hawakukubaliana. Tukaagiza ya mpangilio wa pili kwa pauni chache, ikafika baada ya siku mbili nyingine ambazo mwenzangu alizitumia kuandika upya utangulizi wake kwa hasira.

Ilipofungwa, mita ikasoma hasi tano na ushee. Tukafunga waya wa utepe mwekundu. Mgonjwa akawashwa.

Maandishi yakaanza kumiminika kwa daktari kabla hata skrini ya mgonjwa haijawaka vizuri. Toleo la Windows, anwani ya keneli, muungano umekamilika. Mwenzangu hakusema kitu, alinishika bega tu.

"Sasa msimamishe," akasema hatimaye.

Nikabonyeza. Kama hamjaona keneli ikisimama, ni jambo la ajabu kidogo. Hakuna skrini ya buluu, hakuna sauti. Mshale wa kipanya unaganda, na saa ya pembeni inaganda nayo. Ilikuwa 20:17. Mwenzangu akaenda kuswali Magharibi, akarudi, akaangalia skrini ya mgonjwa: bado 20:17. "Dunia yake imesimama," akasema. Nikabonyeza g, kompyuta ikaamka na saa ikaruka kwenda kwenye wakati wake, kana kwamba hakuna lililotokea.

Kilichobaki tuliumaliza usiku ule ule. Tukawasha vipimo, tukafungua kwa makusudi programu nyingi nzito ili kumbukumbu ijae, tukasubiri. Kwenye dakika ya thelathini na kitu mgonjwa akazimia, lakini safari hii akiwa ameshikwa mkono na daktari. Mwenzangu alitaka tuhifadhi kumbukumbu yote ya mashine kwa kupitia waya, awe na ushahidi. Nikamfanyia hesabu: kasi ya 115,200 ni kama baiti 11,520 kwa sekunde, na kumbukumbu ilikuwa GB 8. Ingekamilika baada ya siku nane na nusu hivi, usiku na mchana. Akaniambia tuendelee tu.

Amri moja, !analyze -v, ikataja draiva yake kwa jina na kutuonyesha mahali. Ni kwenye kile kipande kinachoamshwa kadi inapokatiza kazi kusema "nina kipimo kipya". Kipande hicho hukimbia kwa daraja la juu sana, na kikiwa huko hakiruhusiwi kusubiri diski. Lakini aliyeandika mifupa ile aliweka vipimo kwenye kumbukumbu ya aina ambayo Windows ina ruhusa ya kuihamishia kwenye diski ikibanwa na nafasi. Kumbukumbu ikiwa bado ipo, mambo mazuri. Ikiwa imeshahamishwa, kipande kinanyoosha mkono gizani, hakiguswi na kitu, 0xD1. Ndiyo maana mashine ilikuwa inakufa wakati inapotaka, mara dakika ishirini, mara saa nzima. Ilitegemea nani mwingine anataka nafasi.

Marekebisho yalikuwa neno moja kwenye mstari mmoja. PagedPool ikawa NonPagedPoolNx. Mwenzangu aliuangalia ule mstari muda mrefu, akauliza kama wiki nzima ile ilikuwa kwa ajili ya neno hilo.

Vipimo vilikimbia usiku kucha na siku iliyofuata, saa thelathini na mbili, na tulivizima wenyewe. Sura ikabaki. Kwenye tasnifu aliongeza kurasa nne juu ya muungano wa siriali, ambazo msimamizi wake alimwambia apunguze ziwe mbili. Alikabidhi Septemba, akapasi, akarudi Mombasa kabla ya baridi kuanza.

Ile waya yenye utepe mwekundu aliniachia, pamoja na adapta. Mashine za maabara nyingine za hapa zina ugonjwa huo huo wa kuwa na tundu lisilo na mlango, na tangu hapo nimeshaitwa mara mbili. Vyote viko kwenye kabati la jumuiya, rafu ya chini, nyuma ya masufuria ya Idi. Mwenye kuhitaji aandike jina lake kwenye daftari la katibu, na tafadhali kibanio cha karatasi kilichonyooshwa kisitupwe, nacho ni sehemu ya vifaa.